Tupeane uzoefu: Wazee wa mkonge mliostaafu, kazi yenyewe ilikuwaje?

Mtoto wa Kambini
Shikamooni wazee wa Korogwe, Muheza, Pangani, Kilosa na popote palipolimwa mkonge. Mashamba yanafufuliwa na vijana wanapewa visu bila kufundishwa. Wazee mmwage ujuzi hapa kabla haujazikwa. Hadithi za maisha tutazisikia siku nyingine. Leo tupeni kazi: kisu kinapita wapi, korona (mashine ya kukwangua majani) inakwama wapi, katani (nyuzi za mkonge) inaharibikaje.

Mkata Mwiba
Marahaba. Nianze shambani, maana huko korona mtawasikia mafundi wakijisifu.

Mkonge hauguswi kabla ya miaka miwili na nusu mpaka mitatu, ikitegemea mvua na udongo. Yanakatwa majani ya chini, yale yaliyoanza kulala. Yaliyosimama kuzunguka moyo yaache. Mkato wa kwanza acha majani kama 25, mikato inayofuata usishuke chini ya 20. Anayekata mpaka yabaki 12 ili amalize kazi saa nne asubuhi ameua shamba, kwa sababu mzunguko ujao majani yatatoka mafupi, na jani lisilofika sentimita 60 ni la kutupa.

Kisu kipite karibu kabisa na shina, jani litoke na kitako chake. Ukibakiza kisiki cha vidole viwili umeacha katani shambani, halafu mwenzako mwakani atajichoma nacho. Mwiba wa ncha uondoe kabla ya kufunga. Fungu likishafungwa na miiba yake, wa kuumia ni mpakiaji.

Nyapara Mstaafu
Fungu ni majani 30. Si 28, si "kama thelathini hivi".

Mkata Mwiba
Nilijua utakuja tu. Majani 30 sawa, lakini mzee mwenzangu, mbona fungu la majani 33 mlilipokea kimya kimya na la 29 mkalikataa?

Nyapara Mstaafu
Kwa sababu 33 hayamdhulumu tajiri 😀 Idadi ya mafungu kwa siku ilitofautiana shamba kwa shamba, hiyo sibishani. Lakini fungu lilihesabiwa, na urefu pia ulitengwa: marefu peke yake, mafupi peke yake. Ukichanganya, mlishaji wa korona anapata zulia la majani lenye mabonde, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Chuma Baridi
Hapo nyapara kasema kweli, na mimi wanyapara siwapendi.

Korona inafanya kazi hivi. Majani yanalazwa kwa ubavu kwenye mkanda, vitako upande mmoja vikiwa sawasawa. Yanashikwa katikati, nusu moja inaingia kwenye ngoma ya kwanza yenye visu butu. Visu havikati, vinaponda na kukwangua nyama ya jani huku maji yakimwagika. Kisha upande uliosafishwa ndio unaoshikwa, na nusu iliyobaki inapita ngoma ya pili. Inatoka katani yenye maji, rangi ya maziwa.

Siri yote ipo kwenye uwazi kati ya visu na chuma kinachokabiliana na ngoma. Ukiwa mpana, katani inatoka na ganda la kijani, na hilo likikauka halitoki hata kwa brashi (mashine ya kusugua katani kavu). Ukibana sana, nyuzi zinakatika na kwenda na taka. Kwa hiyo usitazame mbele tu ukafurahia weupe. Nenda nyuma kwenye mfereji wa taka, chota konzi moja, ikamue. Ukiona nyuzi ndefu humo, unamwaga fedha. Kitako ni kinene kuliko ncha, basi ngoma mbili hazirekebishwi sawa.

Hesabu ya kujipima: katani kavu ni kama asilimia 4 ya uzito wa jani bichi. Robota (mzigo wa katani iliyobanwa na kufungwa) la kilo 250 linataka majani ya tani 6 na robo. Ukitumia tani 8 kupata robota moja, usimlaumu mkataji. Fungua korona.

Jani lisilale. Baada ya siku mbili utomvu unakauka na nyama inagandamana na nyuzi. Na maji usiyafanyie uchoyo, ni kama lita 100,000 kwa kila tani ya katani kavu. Korona bila mto au bwawa ni banda la vyuma.

Mama Singa
Umesahau la mikono.

Chuma Baridi
Sijasahau, dada, nililiacha makusudi. Basi lisemwe. Zulia la majani likiwa nene, ya katikati hayashikwi sawasawa, yanavutwa mazima na mdomo unaziba. Mlishaji anapiga kelele, mota inazimwa, mtu anaingiza mkono kuvuta. Ngoma ile nzito haisimami kwa sababu umezima mota! Inaendelea kuzunguka kwa uzito wake, na kwa kelele za banda husikii. Jani likichomoka ghafla, mkono unafuata. Ukizima, chomoa fyuzi uitie mfukoni mwako, subiri ngoma itulie kwa kuiona kwa macho, ndipo utumie ndoano. Mkono kamwe.

Mtoto wa Kambini
Daah. Fyuzi mfukoni, nimeandika.

Mama Singa
Sasa uanikaji, kazi ambayo wanaume huiita nyepesi. Katani inatandazwa juu ya nyaya, nyembamba, isirundikane mahali pamoja. Jua kali siku moja linatosha, mawingu siku mbili na zaidi. Ikinyeshewa ikiwa imeshaanza kukauka inapata madoa, ndiyo kusema daraja limeshuka. Kipimo bila mashine: shika kichane, kibane shavuni. Ukihisi ubaridi, rudisha kwenye waya. Ikifungwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 12 au 13 inaota ukungu ndani ya robota.

Kwenye brashi, namba moja iwe nyeupe na isiwe chini ya sentimita 90. Ndefu lakini yenye madoa inashuka. Fupi ina daraja lake. Vumbi la brashi linakaa kifuani, kitambaa cha kanga hakitoshi.

Kijana wa Hale
Na muwasho? Utomvu ukinigusa nawashwa usiku kucha.

Mkata Mwiba
Mafuta ya nazi kabla ya kuingia shambani.

Mama Singa
Mafuta yanashikilia utomvu, usimdanganye mtoto wa watu. Maji mengi na sabuni mara utokapo, na nguo za shamba usilale nazo.

Nyapara Mstaafu
Mafuta ya taa.

Mama Singa
Mafuta ya taa uyatie kwenye taa. Utomvu una vijisindano vidogo usivyoviona kwa macho. Ukisugua unavizamisha. Mwagia maji kwanza, na mikono mirefu ishonwe vizuri.

Zamu ya Usiku
Mmezungumzia yote hamjagusa moto.

Chumba cha brashi, dari na nguzo zimevaa vumbi jeupe. Beringi inakosa grisi, inapata moto, inatoa cheche. Vumbi halishiki kama kuni, linalipuka kama petroli. Mwali unapita darini kutoka ukuta mpaka ukuta kabla mtu hajamaliza kusema "moto". Kwenye malundo unakimbia juu juu kwanza, nyuzi zilizochomoza ndizo njia yake. Mnamwaga maji, mwali unakufa, watu wanashukuru Mungu, wanakwenda kulala.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Robota limebanwa kwa mashine, maji hayaingii. Kaa limo ndani linajilia taratibu, siku moja, mbili, tatu. Nje robota ni jeupe na baridi. Siku ya tatu ghala lote linaondoka. Na lile lililolowa linavimba, kamba zinakatika, malundo yanasukuma ukuta. Watu wanadhani ni bomu.

Dawa: kila robota lililokuwa jirani na moto litolewe nje, mbali na upepo, likatwe kamba huku mpira wa maji ukiwa tayari, lichambuliwe mpaka moyoni. Usilikate ndani ya ghala, ukilipa hewa linawaka usoni. Na vumbi lifagiliwe kila zamu, si kila wiki.

Kijana wa Hale
Siku tatu??

Mama Singa
Hata zaidi.

Kijana wa Hale
Mzee, na lililoungua nusu linauzika?

Zamu ya Usiku
Harufu ya moshi haitoki. Halina mnunuzi.

Msomi wa Ngomeni
Mnaongelea moto wa brashi, moto mkubwa ulikuwa 1967. Utaifishaji wa mashamba ndio uliotuua.

Chuma Baridi
Mkuu, kilele cha tani zaidi ya 200,000 kilikuwa 1964, na bei ilianza kuporomoka baada ya hapo, Azimio la Arusha bado. Kamba za plastiki zilichukua nafasi ya katani kwenye kufungia nyasi huko Ulaya na Marekani.

Msomi wa Ngomeni
Bei ilishuka kwa wote. Brazili walibaki.

Nyapara Mstaafu
Anzisheni uzi wenu. Vijana, kuna jambo la karatasi. Kipande cha zamani, yaani kadi ya kazi, kilikuwa siku 30 za kazi, si za kalenda: siku usiyomaliza kazi haikuandikwa. Tabia hiyo imebaki kwenye malipo ya kazi kwa kipimo, na inawaponza kwenye michango. Pensheni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inataka miezi 180 iliyochangiwa, na mchango ni asilimia 20 ya mshahara, wa mwajiri na wako ukijumlishwa. Msimu wa mvua umekaa miezi mitatu bila kukata, haihesabiwi. Chukueni taarifa ya michango kila mwaka, muilinganishe na hati za malipo mwezi kwa mwezi. Usingoje ufike miaka 58 ndiyo ugundue shamba lilibadilisha jina na miaka sita haionekani.

Mkata Mwiba
Kwa hili tu nakuunga mkono. Na jina kwenye kadi liwe lile lile la kitambulisho. Hamisi na Khamis ni watu wawili huko ofisini.

Kijana wa Hale
Nashukuru sana wazee. Swali la mwisho, kisu kinanolewa upande mmoja au pande zote mbili?

Mkata Mwiba
Mmoja.

Nyapara Mstaafu
Zote mbili.