Banda la kuku kwenye joto la Lodwar: makuti, mabati meupe au neti ya kivuli?

Mchanga_Moto (Lodwar)
Wadau, salamu. Banda ni la kuku 15 wa mayai, kienyeji walioboreshwa, nyuma ya nyumba hapa mjini Lodwar, Turkana, kaskazini mwa Kenya. Mita 2 kwa 3, sakafu mchanga mtupu. Mchana joto hucheza kwenye nyuzi 35 hadi 38 karibu mwaka mzima, na usiku ni nadra kushuka chini ya 23. Umeme si wa kutegemea, kwa hiyo habari za feni tuziache. Paa nalinganisha matatu:
(a) makuti ya mkoma,
(b) mabati ya geji 30 yaliyopakwa rangi nyeupe,
(c) mabomba na neti nyeusi ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, inayokata asilimia 80 ya jua.
Lipi linawafaa kuku? Bei tutaizungumza baadaye.

Fundi_Kenchi
Kwa joto peke yake, (a) inashinda bila ubishi. Bati tupu likipigwa na jua la saa saba halishikiki kwa mkono, na joto lake humshukia kuku mgongoni hata kama upepo unapita vizuri ndani. Watu hupima hewa ya bandani, wakaona iko sawa na ya nje, wakashangaa kuku wanahema. Kinachowachoma ni bati lenyewe lililo juu yao. Makuti yenye unene wa sentimita 15 upande wa ndani hubaki karibu na joto la hewa.

Rangi nyeupe inasaidia sana, ila Lodwar ina vumbi. Bati likishageuka rangi ya udongo, faida kubwa imekwenda. Liosheni kila vumbi likishika, na mpake rangi ya maji ya nje juu ya praima ya mabati. Chokaa iliyotiwa chumvi msiiguse, itakula bati.

Vipimo, uchague lolote: upande wa juu mita 2.7, wa chini usipungue 2.1, paa lizidi ukuta kwa mita 1 kila upande. Urefu wa banda ulale mashariki–magharibi. Mko nyuzi 3 tu kaskazini ya ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi, kwa hiyo paa ndilo lenye kazi. Kuta ziwe za waya kuanzia sentimita 40 kutoka chini. Makuti yafungwe kwa kamba kila fito. Upepo wa huko unaotoka mashariki hauna mchezo.

Daktari_Kuku
Fundi amesema kweli kuhusu joto, lakini kaacha upande wa pili. Makuti juu ya kichaga cha kulalia, kwenye nchi kavu yenye joto, ni nyumba ya papasi wa kuku, aina ya kupe. Mchana hujificha kwenye makuti na nyufa za miti, usiku hushuka kunyonya damu. Wadogo kabisa hubaki wameng'ang'ania ngozi chini ya bawa siku 5 hadi 10, na papasi mkubwa anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Kwa hiyo kuliacha banda tupu miezi miwili hakumalizi kitu.

Dalili: upanga wa kichwani unapauka, mayai yanapungua, kuku anasinzia, kinyesi kinakuwa kijani. Hiyo ya mwisho huenda ni bakteria anayesambazwa na papasi huyo, na hapo mnahitaji daktari wa mifugo haraka, si dawa ya kubahatisha. Ingieni na tochi saa nne usiku, mwangalie chini ya vichaga. Mwenye njaa ni bapa, rangi ya kahawia. Aliyeshiba amevimba kama zabibu kavu.

Banda la bati na mabomba unaweza kupitisha moto wa gesi kwenye nyufa ukamaliza kazi. La makuti utalichoma lote.

Bint_Nizwa (Oman)
Salaam aleikum. Neti nyeusi msiifanye paa la kulalia. Inapunguza jua, haizuii, na yenyewe inapata moto. Nafasi yake ni uwanjani, pale kuku wanapochakura mchana, iwe juu mita 2 au zaidi. Kwa upepo mnaousimulia, itachanika mwanzo kwenye pembe. Ikunjeni ukingo mara mbili kabla ya kutoboa na kufunga.

Mimi ningeuliza jambo jingine: hewa yenu ni kavu kiasi gani? Hapo ndipo mahali hutofautiana. Maskati mwezi wa Juni unaweza kupata nyuzi 38 na unyevu asilimia 60. Ukilowesha magunia, hewa haiwezi kushuka chini ya nyuzi 31 hata kwa mtambo kamili, na gunia la kawaida litakupa nyuzi 3 tu huku banda likigeuka hamamu. Kuku anajipoza kwa kuhema, kwa hiyo unyevu ukizidi unamziba njia yake kuu. Bara huku, miji ya Nizwa au Adam, hewa ikiwa kavu asilimia 25 kwenye nyuzi 38 hizo hizo, kikomo ni kama 23, na gunia moja likilowa vizuri linaweza kushusha nyuzi 5 hadi 7 kwa kuku walio karibu nalo. Jangwa si moja.

Mchanga_Moto (Lodwar)
Dada, hewa ya hapa mchana ni kavu kweli, midomo inapasuka. Magunia ya mkonge yanapatikana. Tatizo maji ya kisima yana chumvi kidogo. Na Dokta, ina maana makuti niyasahau?

Fundi_Kenchi
Usiyasahau, yapandishe. Weka bati jeupe kama paa halisi, kisha juu yake, kwa nafasi ya sentimita 30, fito zenye makuti au majamvi ya mkoma. Makuti yanabeba jua, upepo unapita katikati, bati linabaki kivulini. Papasi akiwa huko juu hana njia fupi ya kumfikia kuku. Safu ya juu haizuii mvua, kwa hiyo sentimita 5 za makuti zinatosha. Kosa la wengi ni kulaza makuti moja kwa moja juu ya bati: hewa haipiti, na mvua chache za huko zikinyesha, bati linaoza chini kwa chini.

Daktari_Kuku
Hapo tumekubaliana. Ongeza: vichaga visiguse ukuta, viwe na miguu yake, na kila mguu usimame kwenye kopo lenye oili chafu. Kopo lifunikwe kwa kipande cha bati kilichotobolewa katikati, kuku wasije wakainywa au kuchovya manyoya.

Magunia: yatundike upande wa mashariki unakoingia upepo, sentimita 30 kutoka kwenye waya, yasiguse ardhi. Mpira uliotobolewa kwa sindano upite juu yake, maji yadondoke taratibu kuanzia saa tano hadi saa kumi, kisha yaachwe yakauke kabla ya usiku. Maji ya chumvi yatafanya gunia kuwa gumu na jeupe. Lisuuzeni kila wiki, na likishakakamaa badilisheni.

Garissa_Kwetu
Wakuu, mnajenga paa la kifalme halafu maji yapo kwenye tangi jeusi juani? Maji ya moto kuku hanywi, na asipokunywa hali. Mtungi wa udongo kivulini hupoza maji wenyewe bila umeme. Jaza asubuhi, ongeza saa sita. Kuku 15 wa mayai kwenye joto hilo watakunywa nusu lita kila mmoja au zaidi, kwa hiyo andaa lita 10 kwa siku katika vyombo viwili. Vyombo vya wazi ni bora kuliko chuchu za kunyweshea, kwa sababu kuku analowesha upanga na ndevu zake, na hapo ndipo joto la mwili linapotoka.

Chakula: gramu 120 kwa kuku, yaani kilo 1.8 kwa wote. Theluthi moja saa kumi na mbili asubuhi, ondoa kilichobaki saa nne. Iliyobaki saa kumi na moja jioni, pamoja na makombe ya baharini yaliyopondwa kwenye chombo chake, maana ganda la yai hujengwa usiku. Akila saa sita mchana, joto la kusaga chakula linamkuta kwenye jua kali. Taa ndogo ya sola saa kumi alfajiri inampa muda wa kula kukiwa bado na ubaridi kidogo.

Mayai ya kutotolesha okota mara nne kwa siku. Kwenye nyuzi 36 kiinitete huanza kukua ndani ya kiota, kisha kinakufa ukiyahamisha.

Mchanga_Moto (Lodwar)
Asante sana. Nimesikia watu wanatia magadi kwenye maji wakati wa joto. Ni sawa?

Daktari_Kuku
Hapana. Kinachotumika ni soda ya kuokea, kijiko cha chai kimoja kwa lita 4, saa za joto kali tu, na chombo cha maji matupu kiwe pembeni. Kuku akihema sana anapoteza kaboni dioksidi, damu inabadilika, ganda linakuwa jepesi. Soda inarudisha sehemu ya kilichopotea. Magadi yana floridi nyingi, na visima vingi vya Turkana tayari vinayo. Kwa maji yako yenye chumvi, hata soda ningeiacha, nikategemea kivuli na mtungi.

Kuku akianguka, bawa wazi, mdomo wazi: mtie miguu na kifua kwenye maji ya mtungini, si ya barafu, dakika chache, kichwa kiwe nje, kisha mweke penye upepo kivulini. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni.

Bint_Nizwa (Oman)
Na kwenye kundi lijalo tafuta kishingo. Shingo tupu na manyoya machache mwilini humsaidia kutoa joto, na paa lile lile litamtosha zaidi kuliko kuku mzito mwenye manyoya tele. Broila kwa joto hilo msijaribu, hata chini ya paa mbili.