Mrejesho: pesa ya wiki ya kijana wa kidato cha pili

Niliuliza hapa kwa nini pesa ya wiki ya kijana wangu wa miaka 15 inaisha Jumatano. Asanteni wakuu. Sasa anapewa shilingi 10,000 Jumapili jioni, zikiwa zimegawanywa: 7,000 nauli na chakula (1,400 kwa siku ya shule), 2,000 akiba, 1,000 yake bila maswali. Ikiisha kabla ya Ijumaa, usimwongezee bure. Mkopeshe, ukate 500 kila wiki. Kumwongezea ndiko kulikoharibu wiki ya kwanza. Akiba ndogo iwe kwenye kibubu, maana kutoa 2,000 kwa wakala kuna makato. Daftari lake la matumizi liwe na safu tatu tu: tarehe, kitu, kiasi. Zikizidi, haandiki. Bando bado linamshinda. Mwenye mbinu aseme.