Naomba ushauri: nimeanza kumhurumia mtu aliyemsukuma mtoto dirishani

Mlinzi_wa_Zamu:
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mnisaidie, na msinicheke.

Mimi ni mlinzi wa ghala, zamu ya usiku. Ikishapita saa sita hapapiti kitu zaidi ya paka, kwa hiyo nasoma. Miezi kadhaa nyuma nilipata kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta kitabu cha kwanza cha A Song of Ice and Fire, cha George R.R. Martin. Nilikichukua kwa ajili ya unene wake tu, nikajua kitanisukumia wiki mbili. Sasa niko cha tatu na nimekwama. Kiingereza chake nakimudu. Kilichokwama ni roho.

Mnaokijua mnakumbuka mwanzo wake. Bran, mtoto wa miaka saba, anaparamia kuta za ngome ya kwao, anachungulia dirishani, anamkuta malkia Cersei na pacha wake Jaime wakifanya yasiyofanywa na ndugu wa tumbo moja. Jaime anamsukuma. Mtoto hakufa, ila miguu ndiyo basi tena. Siku ile nilifunga kitabu nikazunguka ghala mara mbili kwa hasira. Nikaapa nitasoma mpaka nimwone Jaime anakufa.

Haya, cha tatu. Jaime kakatwa mkono wake wa upanga, wamemtundikia shingoni ukiwa unaoza. Ana homa. Yuko bafuni na Brienne, yule mwanamke mpiganaji, anamweleza kwa nini alimuua mfalme Aerys wakati alikula kiapo cha kumlinda. Kumbe mfalme alikuwa ametega vyungu vya moto wa kijani chini ya mji, na amri ya kuuteketeza na watu wake ndani alishaitoa. Jaime alikuwa na miaka 17. Akamuua, mji ukapona, na tangu siku hiyo kila mtu anamwita msaliti. Wakuu, machozi yalinilenga.

Asubuhi nikamsimulia mdogo wangu, yuko kidato cha tano, alisoma cha kwanza akaachia njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakoroga uji, halafu akaniuliza: "Kaka, na yule mtoto ameshaanza kutembea?"

Sikuwa na la kumjibu. Tangu Jumatatu sijafungua ukurasa. Mwandishi ananichezea akili? Niendelee au niuze?

Kobe_Mkavu:
Ngoja waje wajuzi. Mimi niliangalia tamthilia yake tu, Game of Thrones, misimu yote 8. Ule mwisho wa 2019 nusura nivunje rimoti. Ila mkuu usiuze kabla hujafika kwenye harusi ya

Binti_Makorora:
Kobe, ishia hapo hapo! Mtu yuko katikati ya kitabu cha tatu wewe unamwaga mchele kwenye kuku wengi.

Kobe_Mkavu:
Nimesema harusi tu dada. Harusi si ziko kila mahali?

Mwalimu_Mstaafu:
Kijana, ndiyo, anakuchezea, na alianza zamani. Rudi uangalie vichwa vya sura. Kila sura ina jina la mtu mmoja na tunaona kwa macho ya huyo tu. Kitabu cha kwanza na cha pili, kurasa zaidi ya elfu moja, hakuna hata sura moja yenye jina la Jaime. Tumemwona kwa macho ya wengine, wengi wao wana sababu ya kumchukia. Cha tatu ndipo anapewa sura zake. Ni kama mahakamani: upande wa mashtaka umemaliza mashahidi wake wote, sasa mshtakiwa anapanda kizimbani, na kumbe anajua kuongea.

Lakini sikiliza anajibu shtaka lipi. Pale bafuni anajitetea kwa kumuua mfalme. Na kwa hilo, mimi binafsi naona ameshinda. Shtaka la mtoto hakuligusa. Wewe ulipotokwa na machozi umemfutia kesi mbili kwa ushahidi wa moja. Mdogo wako hakusahau kwamba ziko mbili. Kama Jaime atakuja kuijibu ile ya pili, sikwambii.

Leo usiku chukua kile cha kwanza, tafuta sura ya pili ya Bran, uisome taratibu kama hujawahi kuisoma. Kisha ndiyo uamue.

Mlinzi_wa_Zamu:
Shikamoo mwalimu. Kesi mbili kwa ushahidi wa moja… hapo umenipata.

Dereva_wa_Fuso:
Mimi nasema uza. Nilikiacha cha kwanza na sijutii. Daenerys ana miaka 13 anaozwa kwa mtu mzima ili kaka yake apate jeshi, halafu naambiwa huo ni utamu wa hadithi. Nina binti wa umri huo. Wengine tunasoma ili tupumzike, na ubaya wa kutosha tunaukuta barabarani. Kuacha kitabu si dhambi kaka.

Binti_Makorora:
Dereva ana haki yake, na kwa mdogo wake mlinzi ningemwambia mapema kwamba huko mbele yako mengi ya aina hiyo, mabaya zaidi ya hayo.

Ila mimi nasema endelea. Mambo machache ya kukuokoa: weka daftari la majina, kila ukoo ukurasa wake, maana ukifika cha nne utajikuta unauliza huyu alikuwa nani. Na kile cha nne utakitupa ukutani usipoonywa: wahusika wakubwa kama Tyrion, Jon na Daenerys hawana sura zao humo. Hawajafa kwa kukosekana humo! Hadithi ilikuwa ndefu mno, akaikata kwa kufuata maeneo badala ya muda, hao wengine wakaenda cha tano. Ukinunua cha tatu kwa ajili ya rafiki, angalia jalada, kuna chapa ya Uingereza iliyokipasua vitabu viwili. Watu wananunua nusu bila kujua.

Na ujue kabisa unapanda basi ambalo halijafika. Vimepangwa saba, vimetoka vitano, na cha tano kilitoka 2011. Mimi nilikisoma sina mume. Sasa nina watoto wawili na cha sita bado.

Mwana_wa_Faza:
Mnaongea kama jambo hili ni geni kwetu. Chukueni Utenzi wa Fumo Liyongo, ule alioutunga Muhammad Kijumwa 1913. Nani alimuua Liyongo? Mwanawe. Akaahidiwa kuozwa binti wa mfalme, akaenda kumuuliza babake kitu gani kinamuua. Bibi yangu akisimulia alikuwa akisema baba alishuku, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Akamdunga amelala.

Nimeisikia tangu utotoni na sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kumlilia yule kijana. Liyongo tunamlilia, na mamake Liyongo. Nilipofika kwenye sura za Jaime nikajiuliza: tungepewa ubeti mia wa yule kijana peke yake, njia nzima ya kurudi kwa babake na ile sindano nguoni, tungemwita nani? Sina jibu. Bibi angenifukuza barazani kwa kuuliza tu.

Kobe_Mkavu:
Huu uzi umekuwa mzito ghafla. Nimekaa paleee.

Mlinzi_wa_Zamu:
Wakuu mrejesho. Nilifanya alivyosema mwalimu.

Yako mambo niliyapita mbio mara ya kwanza. Bran alishamwahidi mama yake kwamba hatapanda tena, akavumilia karibu wiki mbili tu, mwisho ikamshinda. Mbwa mwitu wake alibaki chini anamlilia. Kunguru wa kule mnarani walikuwa wakila nafaka mkononi mwake.

Halafu dirishani. Kichwani mwangu Jaime alimwona tu akamsukuma. Sivyo. Mtoto alistuka akateleza mwenyewe, akawa ananing'inia kwa mkono. Jaime ndiye aliyemshika akamvuta juu. Akamuuliza ana miaka mingapi. Mtoto akajibu saba, anatetemeka, kucha zimezama kwenye mkono wa yule mtu. Ndipo akamsukuma.

Nikamsomea mdogo wangu asubuhi, naye akasema, "Angemwacha tu aanguke mwenyewe." Tukakaa kimya. Baadaye akasema, "Ila aliuliza miaka kwa nini?" Uji ukaungua.

Kile cha kwanza amekichukua, anakisoma upya, na nimempa tahadhari kama dada wa Makorora alivyosema. Mimi narudi bafuni kwa Jaime leo usiku, kesi zote mbili mezani. Yule muuzaji wa Posta ana cha tano tu. Kuna mwenye cha nne anakiuza?