Mbwa mpole amekuwa mkali ghafla: je, ni ugonjwa?

Mama wa Kadutu, Bukavu: Ndugu zangu, mbwa wetu wa miaka minane, aliyezoea kucheza na watoto, tangu juzi anaunguruma na kutaka kumuuma yeyote anayemgusa kichwani. Chanjo yake imepitwa na wakati. Je, huenda anaumwa?

Jibu: Mama, mfungieni peke yake kwanza, kwa sababu hapa kwetu kichaa cha mbwa lazima kifikiriwe kabla ya yote, hasa akidondosha mate, akishindwa kumeza au sauti yake ikibadilika. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, maana dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona.

Jibu: Ni kweli. Hata hivyo, kwa kuwa anakasirika akiguswa kichwani, mimi nashuku pia maumivu ya sikio au jino bovu. Mbwa mzee anayepoteza uwezo wa kuona naye hushtuka akauma, na mara chache chanzo huwa uvimbe kwenye ubongo. Msimfunue mdomo wenyewe, mwachieni daktari wa mifugo.

Mama wa Kadutu: Asanteni. Hajamuuma mtu, ila jana alimlamba mtoto penye kidonda.

Jibu: Mate kwenye kidonda ni hatari vilevile, Mama. Kioshe sasa hivi, umpeleke hospitali leo.