Tupeane uzoefu: maji na vyoo visiwani, vifaa vikitoka Nairobi

Wadau mnaonunua mabomba Industrial Area na kuyasafirisha hadi Pate na Kiwayu kule Lamu, au Mfangano na Migingo ndani ya Ziwa Victoria: nini hudumu kule, nini huharibika? Picha za uzinduzi tumeziona za kutosha. Leteni vipimo.

Fundi Tangi: Anza na paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Toa asilimia 20 inayomwagika. Paa la mita 60 za mraba kwenye mvua ya milimita 900 linakupa lita 43,200 kwa mwaka. Hesabu tamu, ila upande wa Lamu sehemu kubwa hunyesha Aprili hadi Juni, kwa hiyo kinachoamua ni tangi. Watu 6, lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupika, siku 200 za kiangazi: lita 6,000.

Kabla ya kubeba tangi la plastiki, kagua jabia la wenyeji, yaani birika la kujengwa la kuhifadhia maji ya mvua. Ufa uchongwe upana wa kidole, uzibwe kwa saruji 1 na mchanga 3, kisha uloweshwe siku 7. Mchanga wa ufuoni marufuku, chumvi yake hula nondo.

Maji ya kwanza ya mvua yamwagwe, nusu milimita hivi. Kwa paa hilo ni lita 30. Bomba la inchi 4 hubeba karibu lita 8 kwa mita, basi unahitaji karibu mita 4, na tundu dogo chini ili lijimwage lenyewe. Tundu likiziba kwa majani, mvua inayofuata hukuta bomba limejaa na kinyesi cha ndege kinaingia moja kwa moja tangini.

Mama Pampu: Visima vya pwani ndivyo huharibiwa na watu wenye nia njema. Maji baridi huelea juu ya ya chumvi: kila mita 1 yanayosimama juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 nyingine za maji baridi. Ukishusha kina cha maji hayo nusu mita kwa pampu kubwa, chumvi inaweza kupanda hata mita 20. Ndiyo maana matuta ya mchanga ya Shela, yanayolisha mji wa Lamu, si mahali pa kuchimba ovyo. Chimba kipana, kisiingie chini sana, vuta kidogo kidogo, pima chumvi kila wiki. Ikipanda, pumzisha.

Jirani wa South B: Si mashine ya kuchuja chumvi basi?

Mama Pampu: Ndugu, chujio la maji ya chumvichumvi haliwezi maji ya bahari, na klorini huliua. Likikauka pia limekwisha. Kama hakuna mtu wa kulitunza kila siku, usipeleke.

Kamukunji Mabati: Migingo ni mwamba, shimo hulichimbi. Jenga choo kikavu juu ya ardhi, vyumba viwili: mkojo utoke mbele, kinyesi kidondoke nyuma, kikombe cha majivu kila baada ya haja. Bomba la hewa inchi 4, lipite paa kwa sentimita 50, na wavu wa nzi juu. Chumba kikijaa kifungwe mwaka mzima kabla ya kuchotwa. Ukijenga Lamu, ongeza tundu la tatu la maji ya kutawadha. Michoro mingi hulisahau. Chumba hulowa, harufu huanza, watu hurudi vichakani.

Mwalimu wa Afya: Maji ya Ziwa Victoria yenye tope yatuame kwanza kwa shabu. Kisha lita 10,000 ziwekewe gramu 31 za unga wa klorini wa asilimia 65, ukorogwe ndani ya ndoo kabla ya kumiminwa. Baada ya dakika 30 kipimo kionyeshe klorini miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Kikiwa chini, ongeza. Kopo la unga huo liwe la plastiki. Na kwenye boti lisikae karibu na petroli wala oili: unga huo ukigusana navyo huweza kuwaka.

Fundi Tangi: Bomba la PPR, lile gumu la plastiki, liacheni hapa Nairobi, kuliunganisha kunahitaji mashine ya kuyeyushia na umeme. Pelekeni lile jeusi la kukunja, viungio vyake vinakazwa kwa mkono. Pampu ya mkono ya Afridev iende na fito zisizoshika kutu, na raba za pistoni za ziada.