Ushauri: SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) chaguo la kwanza aweke udaktari wa mifugo miaka 5 au bayoteknolojia na maabara miaka 3?

Kibaigwa_1: Habari wakuu, mdogo wangu anajaza maombi SUA, dirisha linafungwa ijumaa. Anachopenda ni kujua mnyama kafa na nini, yaani magonjwa yenyewe. Aweke ipi juu?

Nyasubi: Mbona hujasema ufaulu wake? Na ada nani analipa? Miaka 5 bila mkopo wa bodi mtauza zizi zima.

vet_wa_porini: Udaktari. Patholojia, yaani somo la kuchunguza magonjwa mwilini, iko humo humo, mzoga anafungua kwa mkono wake, akimaliza anasajiliwa na Baraza la Veterinari.

Slaidi: Na kipande cha ini kutoka kwenye huo mzoga nani anakikata na kukipaka rangi mpaka kionekane kwenye darubini? Wadudu wa ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, ndani ya seli nawaona mimi wa maabara kwanza.

vet_wa_porini: Sikia, nikiwa field mwaka wa nne tuliitwa kwenye boma moja, ng'ombe kalala mzima asubuhi kafa, tumbo limevimba, damu nyeusi inatoka puani na haigandi. Msimamizi akasema pasueni. Nikakataa, nikamwambia hiki ni kimeta, ukipasua vijidudu vikapata hewa vinageuka mbegu na vinakaa ardhini miaka na miaka. Akanifokea mbele ya wenye boma, mwenzangu akashika kisu, glavu yenyewe imetoboka. Siku ya nne akatoka kidonda mkononi, hakiumi, katikati cheusi kama mkaa. Kapigwa sindano kapona, ila mimi sijasahau. Kama ni kushika mizoga basi asome yote 5.

mama_kuku: Pole jamani. Na nyama je? Huku kwetu ng'ombe akidondoka tu visu vishatoka.

vet_wa_porini: Tulichoma tukafukia. Ila tulikuta paja moja halipo.

Slaidi: Ilitosha damu kidogo ya sikioni, unapaka slaidi unatuletea, hakuna kupasua.

Kibaigwa_1: Ana PCB (fizikia, kemia, baiolojia), C ya baiolojia, zingine D. Mkopo ataomba.

Nyasubi: Akikosa je? Mimi nasema miaka 3.

mama_kuku: Samahani natoka nje ya mada, kuku wangu wanapinda shingo wanaharisha kijani, wamebaki 11.

vet_wa_porini: Hiyo dalili ya kideri dada. Aliyekufa leo mfunge kwenye mifuko miwili umpeleke maabara ya mifugo iliyo karibu. Ulichanja lini mara ya mwisho?