Mjadala: Mtoto akiacha dawa akarudi vile vile, tiba imeshindwa?

Wana Tabora, habari za jioni. Juzi jirani yangu hapa Isevya kaniambia: "Mpwa wako mmempeleka kliniki ya afya ya akili mwaka mzima. Dawa zilipokatika karudi vile vile. Ya nini kumlisha mtoto vidonge?" Neno hilo limenikaa.

Mpwa wangu ana miaka 9 na ana ADHD: hatulii, na akili yake haishiki jambo moja. Kabla ya tiba, daftari lake la hesabu lilikuwa na mistari miwili kila ukurasa, kisha matundu ya kufutafuta. Mwezi wa nne wa tiba akaanza kumaliza zoezi. Halafu mhudumu aliyemjua akahamishwa, tukawa kila tukienda tunasimulia upya, mwisho nauli ikamshinda mama yake.

Wanaosema tiba haidumu huutaja utafiti wa Marekani uitwao MTA. Watoto 579 wenye ADHD, miezi 14. Waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walipungukiwa dalili kuliko waliopata mafunzo ya tabia peke yake. Mwaka wa tatu, tofauti ile haikuonekana tena. Ni kweli. Ila uangalizi wenyewe, wa kumwona mtoto kila mwezi na kurekebisha dozi, ulikoma miezi ile 14 ilipoisha, kila familia ikajitegemea. Kwangu mimi kilichokatika ni ufuatiliaji. Mwenye kisukari akikosa dawa sukari ikapanda, hatusemi dawa ni bure. Nani ana hoja nyingine?

*Jibu, kutoka Ujiji:*
Shikamoo dada. Kisukari cha mtu mzima na mtoto anayekua si sawa. Utafiti huo huo ulikuta kwamba walioanza dawa na kuendelea nazo walikuwa wafupi kwa kama sentimita 2 kuliko wasiotumia dawa kufikia mwaka wa tatu. Mwanangu dawa zilimkata hamu ya kula, hata samaki wa mgebuka alikuwa hagusi, daktari akapunguza dozi. Kilichomshika ni mwalimu wake: dawati la mbele, kazi fupi fupi, akimaliza anatumwa chaki. Huu mwaka wa pili anaenda vizuri. Lakini Januari anapanda darasa, mwalimu ni mwingine.

*Jibu, mwenye mada:*
Marahaba mdogo wangu. La urefu silipingi, ndiyo maana nataka awepo wa kumpima kila mwezi. Huyo mwalimu mpya usisubiri akuite. Nenda na daftari la mwaka huu mkononi, na umwombe yule wa sasa mwende wote.